Mikono ya Nyakio

Jumatatu, 2 Februari 1970

Watoto kumi na wanane asubuhi. Kufika saa nne wamekuwa kumi na tisa.

Mzee Macharia, mmoja wa wanahisa walionunua hili shamba, amemleta binti yake kwa baiskeli. Amemfunga kwenye kiti cha nyuma kwa mpira wa tyubu, kama gunia la mahindi. Ati akimwachilia anaruka na kukimbia. Jina lake Nyakio, miaka kumi na tatu, kiziwi tangu homa ya utotoni. Nilipomfungua, blauzi ilipanda, nikaona mgongo. Alama za mshipi. Zingine mbichi, zingine zimeshakuwa ngozi ngumu. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilivunjika zamani kikapona vibaya.

Nikamwuliza baba. Hakuficha. Alisema sauti iko huko ndani, inakataa tu kutoka, na yeye alikuwa anajaribu kuitoa.

Nikamwambia hapa hatupigi watoto namna hiyo. Namna hiyo! Hayo maneno yamenikaa kooni mchana kutwa. Maana saa tano, tukiwa kwa somo la "pa" na "ba", Nyakio alimgeukia msichana wa dawati la pili akamwambia kitu kwa vidole, na mimi nikamchapa rula kwenye vifundo. Mara mbili. Sikufikiri hata. Ndiyo kanuni — mkono ukiongea, mdomo unalala. Mwaka mzima Uingereza nilifundishwa hivyo. Nilirudi na cheti, nikawa mwalimu wa kwanza wa viziwi hapa Eldoret, na mpaka leo hakuna mtu wa kuniambia vingine.

Hakulia. Aliangalia rula, halafu akaniangalia mimi, kama mtu anayekariri namba ya gari.


Jumatano, 11 Februari

Bwana Ondiek, afisa wa elimu anayekagua shule za aina yetu, ameshinda hapa kutwa. Mtu wa kwetu, ziwani, mpole, anajua jina la kijiji cha mama yangu. Alisifu bodi, alisifu madirisha mapya. Hili jengo lilikuwa ghala la ngano la Kaburu aliyeuza shamba akarudi kwao. Mwenyekiti wa kampuni ya wanunuzi, Bwana Gichuru, ndiye aliyetupa bure. Bila Gichuru hatuna hata paa. Bwana Ondiek alinikumbusha hilo mara tatu.

Halafu akatoka nje wakati wa mapumziko akaona watoto. Mikono inaruka kama kuku waliofunguliwa. Akarudi ndani uso umebadilika. Alisema serikali haikunipeleka ng'ambo nije kufuga nyani. Alitumia hilo neno. Akasema wakati wa somo nifunge mikono yao nyuma kwa utepe wa kitambaa, kitu laini, ili midomo ipate kazi.

Nimefunga. Jemutai, mpishi wetu, alisimama mlangoni na mwiko akaangalia mpaka nikamaliza, kisha akarudi jikoni.

Nyakio nilimfunga wa mwisho. Aliniuma kwenye mkono, juu kidogo ya saa. Alama za meno yote ya juu zimebaki. Nilimpiga kofi ili aachilie. Hakuachilia mpaka nilipoacha kuvuta.

Jeraha linauma ninavyoandika. Naandika hata hivyo.


Jumapili, 22 Februari

Mkutano wa wanahisa, kwenye banda la trekta, hatua hamsini kutoka hapa. Watu kama mia mbili. Watoto wa bweni walikuwa wamejaa madirishani na mimi nyuma yao.

Macharia alisimama na karatasi. Sauti yake ilifika vizuri. Alisema amepima kipande chake kwa miguu, na jirani ambaye hajawahi kumwona amekuja na karatasi ya kipande hichohicho, namba ileile, sahihi ileile ya mwenyekiti. Akaomba ramani iletwe mbele ya watu. Hilo tu. Ramani.

Bwana Gichuru alitabasamu, lile jino lake la dhahabu likashika jua. Akasema ramani iko kwa wakili. Macharia akasema basi twende kwa wakili wote. Watu wakaanza kupiga kelele ya kukubali.

Sikuona ishara ikitolewa. Niliona vijana wanne wa kulinda shamba wakipita katikati ya watu, na mmoja ana mnyororo wa trekta ameuzungusha mkononi. Macharia alipigwa nao kichwani, akaanguka juu ya karatasi yake. Wakaendelea. Sauti ya ule mnyororo ni kama ya ndoo ikishushwa kisimani. Wanahisa mia mbili walirudi nyuma, wakafanya duara. Kila mtu anamwachia mwenzake nafasi ya kupigwa!

Mdogo wake Macharia, Thuo, yule mwenye duka la mbegu mjini, ndiye peke yake aliyeingia. Alimlalia kaka yake juu. Wakaacha. Alimbeba begani kama mbuzi mpaka kwa gari.

Watoto waliona yote. Nilipowageuza wakae, Nyakio hakugeuka. Shingo yake ilikuwa ngumu kama mti.

Baadaye Bwana Gichuru alikuja kunawa kwenye mfereji wetu. Alinisalimia vizuri, akauliza kama watoto wameogopa kelele. Nikamjibu hawakusikia kitu.

"Hiyo ni baraka, Mwalimu," akasema, akakung'uta mikono.


Ijumaa, 6 Machi

Macharia amekuja kuchukua msichana kwa wikendi. Kichwa kimefungwa bandeji, jicho la kushoto bado limejaa damu. Aliketi kwenye benchi ndogo ya watoto, magoti yakamfika kidevuni.

Hakutaka habari ya masomo. Alitaka nimfundishe namna ya kumwambia Nyakio jambo moja: watu wakija nyumbani, asifungue mlango. Nikamwambia aongee polepole, amtazame usoni. Akasema, "Usifungue mlango." Akasema tena. Mara kumi, labda zaidi, midomo inatetemeka, jasho linateremka kwenye bandeji. Nyakio alimwangalia mdomo kama anayetazama mto. Hakuna.

Nikageuka kuchukua kitabu cha picha. Nilipogeuka tena baba alikuwa anaonesha mlango kwa kidole, na Nyakio ameweka viganja viwili pamoja, amevibana kifuani, akatikisa kichwa. Baba akaangalia. Akaweka viganja vyake vikubwa pamoja, akavibana, akatikisa kichwa. Nyakio akaitikia kwa macho. Ndiyo. Imeisha.

Miaka tisa anampiga, na ilikuwa kazi ya nusu dakika.

Nilijifanya kutafuta kitabu.


Jumatatu, 16 Machi

Macharia ameuawa. Juzi Jumamosi, saa kumi jioni, nyumbani kwake, saa ya kukamua. Kichwa. Wanasema kichwa hakikufaa kuoneshwa watu.

Mkewe, Wahu, alikuwa kwa kisima. Aliporudi alikuta mlango wa ghala la mahindi umefungwa kwa nje, Nyakio ndani, na mzee nje chini ya ngazi. Ndoo ya maziwa imesimama wima. Haikumwagika.

Polisi wamesema wezi wa ng'ombe. Ng'ombe wote wako.

Wahu amemleta mtoto leo akaniambia, "Kaa na yeye, Mwalimu. Nyumbani anakwaruza ukuta."

Vidole vyake vimechubuka mpaka nyama. Jemutai amevipaka mafuta ya ng'ombe. Bado nilikuwa na utepe mfukoni. Nimeutupa jikoni motoni.


Jumanne, 17 Machi

Niandike kama ilivyokuwa, bila kuruka.

Saa tatu asubuhi niliingia darasani nikakuta madawati yamesukumwa kando. Watoto wameketi chini duara, Nyakio katikati amesimama. Mikono inaenda. Waliponiona wote waliweka mikono nyuma. Wote kumi na wanane, kwa mara moja. Nikafunga mlango, nikaketi chini pamoja nao, nikamwonesha kwa mkono wangu — endelea.

Alingoja sana. Alitaka kuona rula iko wapi.

Kisha akasimulia. Nilielewa nusu. Nilipokosa, wengine walinirudishia polepole, kama mimi ndiye mjinga wa darasa, na kweli ndiye. Kila mtu ana jina lake mkononi. Baba yake ni kidole gumba kinachopiga kengele ya baiskeli. Jemutai ni mwiko. Mimi — nilimwuliza mimi ni nani. Wakatazamana. Msichana wa dawati la pili akagonga vifundo vyake kwa ukingo wa kiganja. Mara mbili.

Hilo ndilo jina langu hapa shuleni. Wamekuwa wakiniita hivyo kwa mwaka mmoja na nusu.

Nilimwomba aendelee.

Alikuwa ndani ya ghala la mahindi, anapukuchua. Baba akaja mbio, akafunga kwa nje, akabana viganja kifuani kupitia nafasi ya mbao. Usifungue. Watu wakaingia kwa lango. Akaweka kidole kwenye jino, akakizungusha kwenye jua. Gichuru. Jino alikuwa na mpini wa shoka. Baba alipiga magoti? Hapana. Baba alisimama, mikono imevutwa nyuma — akajivuta mikono yake nyuma mpaka mabega yakalia — nikadhani amefungwa kamba, kama nilivyokuwa nikiwafunga wao. Jino akapiga. Akainua vidole: kimoja, viwili, vitatu. Kwa cha tatu baba alikuwa chini. Akaendelea kuinua. Saba.

Hakutoa machozi. Sauti ndiyo ilitoka. Ile sauti baba yake aliyokuwa akiitafuta kwa mshipi ilitoka yenyewe, nzito, ya mnyama, na yeye mwenyewe hakuisikia. Jemutai alikuja mbio kutoka jikoni. Watoto tu ndio hawakushtuka.

Nimejua kitu ambacho mtu mwingine hajui. Na paa lililo juu yangu ni la Gichuru.


Alhamisi, 19 Machi

Nimeenda kituoni. Thuo alitupeleka kwa gari lake la mbegu, mimi, Wahu na Nyakio. Tangu msiba yeye ndiye anayebeba kila kitu cha nyumba hiyo — jeneza, chakula, wageni.

Inspekta Kituyi alitupokea. Mtu mnene, mwenye subira. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Alisema hajawahi kuandika ushahidi wa mikono lakini karatasi ni karatasi, tujaribu. Aliuliza, nikamwuliza Nyakio, Nyakio akajibu, nikasema, akaandika. Saa tatu nzima. Thuo alisimama mlangoni, kofia mkononi, akisema, "Sema yote, mtoto wangu, usiogope," ingawa anajua hasikii.

Nyakio leo alikuwa mfupi wa maneno kuliko juzi. Jino. Mpini. Saba. Basi. Kituyi alipouliza kama kulikuwa na wengine, alitazama sakafu. Nikasema amechoka. Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Gichuru amekamatwa saa kumi, hotelini, chakula mbele yake. Mpini wa shoka ulipatikana kwenye buti ya gari umefungwa gunia. Wamemwosha lakini — naandika nini, wameuosha, lakini ufa wa mbao haukuoshwa.


Jumatano, 8 Aprili

Kalamu haikai mstarini. Nitaandika kwa herufi kubwa.

Walikuja saa sita mchana. Watu sita, wale wanne wa mnyororo na wawili nisiowajua. Shule zingine zimefunga lakini wazazi wa watoto wetu walikuwa hawajaja kuwachukua, nilikuwa nao wote. Wakasema jengo ni mali ya mwenyekiti, nitoke sasa hivi na mabubu wangu. Nikaomba siku mbili. Mmoja akauliza Kaburu mwenyewe alipewa masaa mangapi.

Nikafunga mlango. Wakaanza kuupasua kwa shoka.

Na hapa ndipo nilipoelewa nimezaa nini katika hili jengo. Mlango unapasuka, vibanzi vinaruka, mimi napiga kelele — na Waceke, mdogo kuliko wote, miaka sita, yuko ubaoni amenipa mgongo, anaandika BA BA BA kwa chaki, ulimi nje. Nilimnyanyua akiwa bado ameshika chaki.

Jemutai alitoka na sufuria ya uji. Uji wa moto, wa kuchemka. Alimmwagia wa kwanza kuingia, usoni na shingoni. Yule mtu alilia jina la mama yake. Aliyemfuata alimpiga Jemutai tumboni kwa kisigino cha shoka, akakunjika. Mimi nilirusha kiti. Nilirusha chupa ya wino. Nikapigwa mdomoni kwa mpini, nikahisi kitu kinaelea juu ya ulimi, nikakitema. Nikapigwa tena.

Nje walishamwaga petroli. Ghala la ngano, mbao za miaka arobaini. Ilishika kama karatasi.

Niliwatoa kwa dirisha la nyuma, Nyakio anawapokea chini, anawapanga kwenye nyasi. Nikahesabu. Kumi na wanane. Nikahesabu tena. Kumi na wanane. Msichana wa dawati la pili, Adhiambo, hayupo.

Nikarudi ndani. Moshi mpaka kiunoni. Nikapiga kelele jina lake. Adhiambo! Adhiambo! Nilimwita kwa sauti mtoto kiziwi ndani ya moto, mimi, mwenye cheti. Halafu nikakumbuka sakafu ni ya mbao. Nikachukua mchi wa jikoni nikapiga sakafu. Mara mbili, nikatulia. Mara mbili, nikatulia. Akatokea chini ya rafu ya vitabu, anatambaa kwa tumbo akifuata mtetemo.

Paa lilianguka tukiwa kwenye nyasi. Wale watu walisimama barabarani wakatazama mpaka mwisho. Hakuna aliyekuwa na haraka.


Alhamisi, 9 Aprili

Meno mawili ya mbele. Mdomo umeshonwa nyuzi tano. Jemutai amelazwa, anakojoa damu.

Watoto kwenye ukumbi wa kanisa, karibu na stesheni. Wazazi wanawachukua mmoja mmoja. Hakuna anayeuliza watarudi lini.

Siwezi kutamka "pa" wala "ba".


Jumapili, 19 Aprili

Siku ya kumi nyumbani kwa Thuo, nyuma ya duka la mbegu. Mimi, Wahu na Nyakio. Hatuna pengine, Wahu hathubutu kulala kule mumewe alikouawa. Ametupa chumba chake, analala mwenyewe sebuleni, mkeka umelazwa mlangoni na panga juu yake. Ameninunulia supu ya mifupa kwa sababu siwezi kutafuna. Sijawahi kutendewa wema hivi na mtu ambaye si ndugu. Nimemwambia hivyo. Akasema Macharia alimlea, alimsomesha, na sasa kile kipande cha shamba kimebaki kwake kukiangalia mpaka mambo yatulie. Wahu aliinua macho kwa hilo, akayashusha.

Jemutai bado hospitali. Leo aliketi kwa mara ya kwanza. Aliniuliza kama yule mtu wa uji amekuwa kipofu. Nikasema jicho moja. Akasema alikuwa amelenga yote mawili.

Nyakio hali katika nyumba hii. Anakunywa maji tu, anakula mkate nikimletea kutoka kanisani. Akiwa hapa ananishika mkono wa sweta hata nikienda chooni. Ni huzuni. Na hofu ya watu wa Gichuru, nafikiri, maana juzi kikaratasi kilipitishwa chini ya mlango wa duka: MWALIMU TUTAKATA MIKONO YAKO NA YA HUYO BUBU.

Barua ya Bwana Ondiek pia imefika. Pole nyingi kwa moto. Halafu: nikisimama mahakamani kutafsiri ishara, nitakuwa nimetangaza kwa nchi nzima kwamba njia tuliyoilipia haikuzaa kitu, na itakuwa vigumu kwa ofisi kunitafutia darasa lingine. Ananishauri kama kaka. Nimelisoma neno hilo mara mbili, kaka.

Mchana nilimfundisha Nyakio ishara za mahakama. Hakuna ishara za mahakama. Tulizitengeneza. Hakimu ni miwani. Wakili ni joho linaloburutwa. Kweli ni ngumi imewekwa chini ikafunguka. Alinifundisha yeye za nyumba hii — mlango, taa, duka. Thuo ni vidole vitatu vinavyodondosha mbegu. Aliifanya haraka akauficha mkono kwapani.


Jumatatu, 4 Mei

Barazani kwa mahakama. Mapumziko ya mchana. Naandikia magotini.

Ukumbi umejaa tangu saa mbili. Wanahisa upande mmoja, watu wa Gichuru upande wa pili. Gichuru kizimbani, suti ya kijivu, amenenepa huko rumande. Alinisalimia kwa kichwa.

Wakili wake, wa kutoka Nairobi, alisimama kabla hatujaanza. Akasema huyu mtoto hana lugha, ana miguno na kupunga, na mwalimu anaweza kutia maneno yoyote anayotaka mdomoni mwake. Mwalimu mwenye kinyongo, aliyefukuzwa kwenye jengo la mshtakiwa. Watu wakacheka upande ule. Mdomo wangu nao, bila meno, ulikuwa umeniaibisha tayari nilipoapa.

Hakimu, mzee mwembamba, alifikiri. Akaniamuru nitoke nje. Nikasimama hapa barazani na askari, dakika kumi. Nilipoitwa, akasema: mwambie shahidi akueleze kilichotokea ulipokuwa nje.

Nyakio akaanza. Nikasema anavyosema. Karani alihamisha wino kutoka chupa moja mpaka nyingine. Askari wa mlangoni alivua kiatu cha kushoto akakiweka juu ya meza ya hakimu. Hakimu alifunika pua. Karani alipasua karatasi vipande vitatu, akatia kimoja mfukoni. Na yule wa joho, watu wote walipokuwa wanaangalia kiatu, alitoa peremende mfukoni akala.

Wakili akaacha kutafuna.

Hata upande wa Gichuru walicheka. Hakimu aliandika muda mrefu, akasema shahidi atasikilizwa.

Basi akaeleza. Ghala. Viganja kifuani. Lango. Jino. Mpini. Hesabu mpaka saba. Sauti yangu haikutetemeka mpaka tano. Wahu alikuwa benchi ya pili, leso imejazwa mdomoni, na Thuo kando yake amemshikia mkoba.

Mwendesha mashtaka akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuuliza. Mikono ya marehemu ilifungwa na nini?

Nikamwuliza Nyakio. Kamba? Akatikisa kichwa. Mnyororo? Akatikisa kichwa. Akajivuta mikono nyuma kama siku ile, halafu akaruka nyuma ya nafasi aliyokuwa amesimama, akawa mtu mwingine, akashika mikono ya hewa, akaivuta, akaegemeza kidevu juu ya bega la mtu asiyekuwepo. Mikono. Ilishikwa kwa mikono.

Ya nani?

Alinitazama mimi tu. Mkono ukainuka hadi kifuani. Vidole vitatu. Vikadondosha mbegu.

Sikugeuza kichwa. Macho yaligeuka yenyewe. Thuo alikuwa bado ameshika mkoba wa shemeji yake, anamtazama mtoto, uso umetulia kama wa mtu anayengoja risiti.

Kumbe kituoni alikuwa amesimama mlangoni. Kumbe katika nyumba ile, siku ishirini na tano, na mkeka mlangoni. Nilidhani ametulinda tusiingiliwe. Na wakati wa mnyororo alimlalia kaka yake juu, niliona kwa macho yangu. Kilichompata kati ya siku ile na ile nyingine sijui. Kipande cha shamba, labda. Labda aliahidiwa. Labda alitishwa. Nyakio hajui kwa nini, anajua nani tu.

Hakimu aliuliza, "Shahidi anasema nini?"

Nikasema sijaelewa, naomba muda.

Ni uongo wa kwanza nimesema kwa niaba yake. Nyakio aliona mdomo wangu. Alijua.

Hakimu akatazama saa. Turudi saa nane.

Inspekta Kituyi ameenda kula, sijui wapi, nimemtuma askari amtafute, askari amesema ndiyo na bado amesimama palepale. Wahu amesinzia kwa kuegemea nguzo. Nikimtaja Thuo mle ndani, leo tunalala wapi? Nisipomtaja, tunalala wapi? Nyakio ameketi kando yangu. Anarudia ileile, chini ya sweta, mbegu, mbegu, mbegu, hataki nijifanye sikuielewa.

Saa nane kasoro tano. Thuo anavuka barabara. Ana soda tatu na mkate chini ya kwapa. Anangoja lori lipite. Ametuona. Anainua chupa kutusalimia.

Amefika. Amefungua ya Wahu kwa meno, akamwekea kando bila kumwamsha. Amenipa yangu. Anasema polepole, kwa upole uleule wa supu:

"Mwalimu, pale mwisho mtoto alikuwa anasema nini?"

Naandika ili nisimwangalie usoni. Karani ametoka mlangoni anaita majina. Kituyi haonekani. Thuo hajaondoka, kivuli chake kiko juu ya hii karatasi, na Nyakio ameshainuka, amesimama kati yake na